Neno Aliloandika Shemeji Kitabuni

Shoga, nimejifungia chumbani kwenye nyumba ya wageni. Usinipigie, atasikia.

Si unajua shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu, ananitembeza miji ya pwani nipunguze majonzi? Miji miwili tumelala vyumba mbalimbali. Leo kaandika kwenye kitabu cha wageni: "Mimi na mke." Mke! Chumba kimoja!

Nikamwuliza, "Mke gani?"

Akacheka. "Shemeji, ndugu wote wameshakubali nikurithi. Wewe ulidhani tunatalii?"

Wameshakubali! Na mimi kila usiku namwombea heri kwa safari hii!

Gari ni lake, na basi la kunirudisha nyumbani ni kesho asubuhi. Nikamnyang'anya kalamu, nikaongeza: "wa marehemu kaka yangu." Mhudumu kasoma, kanipa ufunguo wa chumba kingine.

Sasa anagonga mlango. Nimemjibu nasali. Sala hii, shoga, itaisha basi likifika.