Mkono wa Kushoto wa Baba

Lorain, Ohio
20 Februari 2019

Mdogo wangu Emil,

Jana Jumanne, saa nne asubuhi, nilipoteza mwandiko wa baba. Nilifungua bahasha uliyoniachia, nikaitoa ile kadi yenye picha ya Lonnie Brackett, mchezaji wa besiboli, na pale palipokuwa na penseli ya baba hapakuwa na kitu. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo lililonipandisha presha. Sasa salamu: hujambo? Goti lako linaendeleaje? Huku tu wazima, ila mabomba yaliganda kwenye duka langu la pili la kufulia na wateja wananitukana kwa zamu.

Unajua vizuri kilichokuwa pale. Baba alikuwa na miaka tisa Brackett alipouzwa kutoka Cleveland kwenda Detroit. Akafanya walivyofanya wavulana wote wa mtaa wake: akalikata jina la timu kwenye kadi na kuandika jipya. Ila yeye aliandika kwa hasira, penseli nusura itoboe, na chini yake akaongeza "Msaliti". Kwa kuwa alikuwa wa mkono wa kushoto, kiganja kilipita juu ya alichokwisha kuandika na kulivuta kila neno kuelekea kulia, kama moshi. Sina kitu kingine alichoandika akiwa mtoto.

Kadi ni yetu sote wawili, baba alituachia. Nilikupa ukaipimishe kwa sababu wewe ndiye mwenye duka la kadi. Sikukwambia uioshe. Kazi ya kuosha ni yangu. Hebu nieleze.

Dadako,
Bernadine

*

Akron, Ohio
26 Februari 2019

Dada Bernadine,

Salamu nyingi. Goti langu sasa linatangaza theluji kabla ya redio. Pole na mabomba. Shemeji mwambie lile koti lake bado ninalo, na bado halinitoshi.

Nilifuta mimi. Nilitumia kifutio laini, taratibu, nikidhani nakuandalia zawadi. Wapimaji wanatoa alama, moja hadi kumi. Wanatazama pembe kama zina ncha, picha kama imekaa katikati ya fremu yake, rangi kama haijafifia. Kadi yetu ina pembe za ajabu, maana baba aliilaza miaka yote kwenye kopo la biskuti. Kilichoivuta chini ni penseli tu. Ikiwa na penseli ingepata alama mbili, dola mia tatu. Bila penseli nilikadiria saba, dola elfu nne. Wewe mwenye kichwa cha hesabu, ungefanyaje?

Ila wapimaji wana taa wanayoilaza pembeni, ikamulika kila mahali kifutio kilipopita. Imerudi na neno moja: "Imechezewa." Alama haina. Nikipata mnunuzi mwenye huruma, ni dola mia mbili.

Nisamehe, Dada.

Mdogo wako,
Emil

*

Lorain
3 Machi 2019

Mdogo wangu Emil,

Nashukuru kwa kujibu bila kuzunguka. Mabomba yamepona, presha bado.

Nimekaa na hesabu yako wiki nzima na inanishinda, jambo lisilotokea mara nyingi. Mimi nikiosha shati, linapanda thamani. Wewe ukiosha kadi, inashuka. Mtoto akiipenda hadi akaiandika, inashuka. Sasa nani huipandisha, asiyeigusa? Na kama ni uzee, mbona yale masanduku yako ya kadi za miaka ya themanini huwezi kuyagawa hata bure? Na Brackett mwenyewe hakuwa bingwa wa chochote. Baba alisema alikimbia kama friji.

Nieleze kama unavyomweleza mteja anayelipa taslimu.

Halafu nakurudishia kadi. Kama taa hiyo iliona njia ya kifutio, labda inaona na kilichokuwa chini yake. Baba alikandamiza sana. Tazama, uniambie.

Dadako,
Bernadine

*

Akron
9 Machi 2019

Dada Bernadine,

Nafurahi kusikia mabomba yamepona. Mimi nimeshika mafua, si ya kulazwa.

Umeuliza swali ambalo wateja wangu hawaniulizi, wao huuliza bei tu. Sikiliza. Brackett hakuwa bingwa, ndiyo, lakini ile ni kadi yake ya kwanza, na ilichapwa mwisho wa msimu, wakati maduka yamekwisha kuacha kununua. Zilitoka chache. Chache hizo wavulana wakazibana kwenye spoku za baiskeli ziwalilie kama pikipiki. Zilizopona zilisubiri mwenyewe aende jeshini, mama akaingia chumbani na mfuko wa taka. Kwa hiyo waliotengeneza bei si wachezaji, Dada. Ni akina mama wa Ohio na mifagio yao! Zile zangu za themanini kila mtu aliziweka akidhani atalipia chuo cha watoto. Hazikupungua hata moja. Ndiyo maana nazikanyaga dukani.

Na ukweli ni huo uliousema: soko hulipa zaidi kwa mtoto ambaye hakucheza.

Sasa, nimewasha taa yangu, nikailaza pembeni kama wao. Ipo! "Detroit" yote, na "Msaliti" yote, vimechimbwa kama mifereji. Moshi tu ndio umekwenda.

Na kuna bwana mmoja Vermont hanunui kadi safi kabisa. Anakusanya zile walizoandika watoto, akipata na habari za mtoto mwenyewe. Angetoa hadi dola elfu mbili kama penseli ingekuwepo. Mifereji ipo, Dada. Nikipitisha penseli mle mle, si nitakuwa namrudishia baba tu kilichokuwa chake? Kodi ya duka imenikaba. Unasemaje?

Mdogo wako,
Emil

*

Lorain
12 Machi 2019

Emil,

Natumaini mafua yamepungua. Nasema hapana. Usiiguse. Irudishe kama ilivyo.

Bernadine

*

Lorain
8 Aprili 2019
(kwa posta ya siku moja)

Mdogo wangu Emil,

Hujambo? Nauliza kweli, maana karibu mwezi mzima hujaandika na simu yako inaita hadi inachoka.

Jana nimeikuta kadi ya baba mnadani mtandaoni. "Mwandiko halisi wa mtoto, 1957, kutoka kwa familia." Dau limefika dola elfu moja na mia tisa. Sehemu yangu ni mia tisa na hamsini, na siitaki hata senti.

Nimeikuza picha hadi ikajaa kioo. Herufi ni za baba, hilo nakupa, mifereji ilikuongoza vizuri. Lakini moshi, Emil. Hata moshi umeutengeneza. Na umeuvutia kushoto. Kiganja cha baba kilivuta kulia, maisha yake yote, hata kwenye hundi za umeme. Umekaa naye meza moja miaka kumi na minane na hukuona?

Umenifundisha kwamba bei inategemea zimebaki ngapi na nani anazitaka. Ukasahau kwamba yule bwana wa Vermont hataki penseli. Anamtaka mtoto wa miaka tisa mwenye hasira, na wewe unamuuzia mtu wa miaka hamsini mwenye kodi. Kodi ungeniambia. Mimi huuza sabuni, siuzi ndugu.

Ukiitoa mnadani, usiifute tena. Niletee hivyo hivyo, mfereji wa baba na penseli yako juu yake. Sokoni haitakuwa na thamani yoyote, na mimi sitaiuza kwa bei yoyote. Na kodi tutaizungumza mezani, kwa tarakimu.

Usipoitoa, nitamwandikia bwana wa Vermont mwenyewe na kutia sahihi jina letu.

Mnada unafungwa Ijumaa. Nataka jibu lako Alhamisi, saa sita mchana, kwa simu, kwa mdomo wako. Usinieleze tena pembe wala rangi. Unaitoa, au huitoi?

Dadako,
Bernadine