Mugomba wa Janvier

Majengo, Jumatatu ya Pasaka

Shemeji Nsanzimana,

Sisi tuko. Mutoto wetu Ange aling'oka jino. Makala ya kupikia imepanda bei tena. Jana nilivaa kitenge cha parokia, nikaimba aleluya na wengine. Sikusikia kitu ndani, lakini niliimba.

Maneno ya muzee, baba yenu, yamenifikia: mwaka mzima bila habari ya mume wangu unatosha, tuzike mugomba mahali pa mwili wake huko nyumbani Kalengera, kusudi kilio kiishe nami niwe mujane kama wengine. Sikatai. Machozi yenyewe yalinikatalia tangu siku tulipokimbia kambi ya Mugunga, nikamupoteza njiani.

Padri alihubiri juu ya wale wanawake waliokuta kaburi tupu. Watu wakapiga vigelegele. Mimi niliwaza tu kwamba wao walijua kaburi liko wapi.

Zikeni, basi. Lakini wewe shemeji ni mulimaji. Usikate shina tupu. Ng'oa mugomba mudogo pamoja na mizizi yake, na udongo usiushindilie sana.

Musalimie muzee.

Emerance, muke wa Janvier