Mgongo wa Sweta la Irine

Mikumi,
19 Oktoba.

Kaka yangu Melkizedek,

Shikamoo, kaka. Naomba karatasi hii ikukute umetoka kwenye shimo la dhahabu salama, na kile kikohozi cha vumbi ulichonieleza mwezi wa saba kiwe kimekuacha. Wifi Joyce naye naomba awe mzima, pamoja na biashara yake ya chakula. Baba mdogo ameniletea salamu kutoka nyumbani, milimani kule Kilosa. Anasema maharage yamekubali mwaka huu na paa la kanisa limeshaezekwa upya. Sisi huku Mikumi tunavuta pumzi. Nimeandika hivyo kwa sababu neno "hatujambo" limenishinda.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua wakati simu ninayo. Kaka, tangu Septemba nimekupigia mara nne, na mara zote nne nimekudanganya. Nikisikia sauti yako ulimi unageuka wenyewe. Kwenye karatasi naweza kuandika, nikakata, nikaandika tena mpaka liwe neno la kweli. Nampa Makarius, kondakta wa basi la Mbeya unayemfahamu, naye ameniahidi kuituma Makongolosi mpaka kwa wifi. Tafadhali isome ukiwa umekaa.

Nilikwambia mwanao Irine amelazwa kwa homa. Si homa. Mtoto ana kifua kikuu cha uti wa mgongo, na tangu tarehe tisa Septemba miguu yake haimbebi. Mimi sikujua kwamba kifua kikuu kinaweza kuacha kifua kikaenda kukaa mgongoni. Daktari ametuonyesha picha. Mifupa miwili ya katikati imelika kama gunzi lililogugunwa na panya, mgongo umekunjika pale, na mishipa inayopeleka nguvu miguuni imebanwa.

Ilivyotokea ni hivi. Asubuhi ya siku ile walikuwa mstarini shuleni, siku mbili tu kabla ya mtihani wa darasa la saba. Wenzake wanasema alimshika bega msichana wa mbele, akasema miguu imekufa ganzi, kisha akashuka chini taratibu kama nguo inayoteleza kwenye kamba. Mwalimu wake wa darasa, mwalimu Gaudiosa, akafikiri ni joto, maana Irine alikuwa amevaa sweta na jua lilishachomoza. Akamvua ili apate hewa. Ndipo akauona mgongo.

Nilipofika nikamkuta mwalimu amekaa chini kwenye vumbi, kichwa cha mtoto kikiwa mapajani mwake, analia waziwazi mbele ya wanafunzi. Akaniambia, "Mama, huyu niko naye kila siku. Nilikuwa natazama nini?" Nilinyamaza, kaka, na utaona mbele kwa nini nakuandikia hilo.

Tulikaa hospitali ya hapa siku mbili, tukapelekwa Morogoro wiki mbili, tukarudishwa. Ameanza dawa, na atazimeza mwaka mzima. Daktari hakutuficha. Alisema dawa zitaua ugonjwa, lakini mfupa ulioliwa haurudi. Kuhusu upasuaji, wakubwa wa Morogoro walikaa wakaangalia picha, wakasema kumpasua sasa ni kumtesa bure, kwa sababu miguu ilikuwa imeshapoteza hisia kabisa. Nilimuuliza daktari kama kuna siku atatembea. Akasema tusiweke matumaini yetu hapo. Akaongeza, bila mimi kumuuliza, kwamba mtoto wa namna hii akiwahishwa, wakati mgongo unaanza tu kuinuka, vidonge peke yake vinatosha na anaendelea kucheza na wenzake.

Mtihani haukumngoja. Wenzake waliufanya siku ile tuliyokuwa kwenye gari la wagonjwa, tunapita katikati ya mbuga. Irine alikuwa amelazwa chali, haoni nje. Aliniuliza saa ngapi. Nilipomwambia saa tatu, akasema sasa hivi wanafanya Hisabati, akafumba macho. Mtoto aliyekuwa akishika nafasi ya pili au ya tatu kila muhula.

Sasa nifike ninapotakiwa kufika.

Unakumbuka mama alivyokuwa akifuma pale barazani, mimi nimekaa miguuni pake nashika uzi, wewe ukitucheka. Alifundishwa misheni na mke wa mchungaji, kwa sindano mbili tu, na masweta yake yalivaliwa mlima mzima. Alipenda kusema kwamba mtu si gunia, hana urefu mmoja pande zote. Sweta lililonyooka kama gunia linapanda nyuma na kukaba koo mbele. Dawa yake ni mistari mifupi. Unafuma, na kabla hujafika mwisho wa mstari unageuza kazi na kurudi ulikotoka. Mstari unaofuata unageuza mapema zaidi, na unaofuata mapema zaidi tena. Pale katikati kitambaa kinaongezeka na kufanya tumbo kama la kikombe, lakini pembeni sweta linabaki na urefu wake uleule. Mahali unapogeuzia lazima ukizungushie uzi kile kitanzi cha jirani, la sivyo panabaki tundu. Ukizungusha vizuri, hata mfumaji mwenzako hatambui kwamba pameongezwa kitu. Mama mwenyewe aliwafumia hivyo wazee waliopinda kwa jembe, ili kiuno kisipigwe baridi.

Hiyo ndiyo kazi iliyonilisha tangu mume wangu alipoondoka. Nafuma masweta ya shule za hapa, na yale mazito ya watu wa milimani. Na hiyo ndiyo kazi niliyotumia kumficha mwanao.

Ndiyo, kaka. Nilikuwa najua.

Machi mwaka jana nilimpima Irine sweta jipya. Zamani mbele na nyuma vilikuwa sawa, inchi kumi na sita. Siku hiyo nyuma ikazidi kwa inchi moja. Nikadhani futi imeteleza, nikapima tena. Nikapitisha kidole mgongoni, nikakuta kifundo kimejitokeza kama punje ya hindi chini ya ngozi. Nilipokigusa akashtuka. Alikuwa ameshaanza kulalamika mgongo, na alfajiri nilikuwa nakuta shuka lake limelowa jasho, lakini nilijiambia ni ndoo za maji na ni kuinamia madaftari. Nikamkataza kuchota maji. Nikamchua na mafuta. Na kwenye sweta nikaongeza mistari mifupi sita.

Agosti alikuja kutoka shule hataki kula. Wasichana walikuwa wamemwita ngamia. Akasimama mbele yangu na lile sweta, pindo limepanda nyuma, akaniambia, "Shangazi, nifumie lisilopanda. Nifumie ambalo hawataona." Nikapima. Nyuma imezidi kwa inchi mbili na nusu. Nililifumua lote, nikaanza upya. Siku zote hizo nne nilizokuwa nafuma nilijua kwamba naifumia nundu nyumba. Nilipomvalisha likakaa vizuri kabisa, mabega yamenyooka, pindo limelala sawa pande zote. Alijigeuza mbele ya kioo, akacheka, akanikumbatia. Kaka, Mungu anisamehe, nilijivuna. Niliona hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufuma.

Tangu hapo hakulivua. Hapa Mikumi unalijua joto letu. Watoto wote saa nne masweta yako kiunoni. Yeye alikaa nalo mpaka kengele ya kurudi nyumbani. Jirani yangu Ziada aliniuliza kama mtoto ana malaria inayomtetemesha. Nikamjibu kwamba kazaliwa milimani, amezoea nguo nzito.

Utaniuliza kwa nini sikumpeleka hospitali hata mara moja. Nimelijibu swali hilo kwa njia nyingi moyoni, na zote ni uongo ila hii. Mwezi wa pili mwaka jana ulinipigia ukasema umeoa, na kwamba wifi ana moyo mzuri, hivyo mtoto akinisumbua au akiugua nisihangaike peke yangu, utamchukua. Ulisema kwa upendo. Mimi nilisikia kwamba nitanyang'anywa. Miaka kumi na miwili ya ndoa sikupata mtoto. Ulipomleta Irine baada ya msiba wa mama yake alikuwa na miaka tisa, na juma la kwanza tu aliniita mama kwa bahati mbaya, akajirekebisha. Nimeishi kwa hiyo bahati mbaya. Nikafikiri nikitaja ugonjwa tu, utamfuata. Kwa hiyo kila uliponiuliza mtoto anaendeleaje, nilikujibu hajambo, anakua. Na nikaendelea kugeuza mistari.

Januari, inchi nne. Juni, inchi tano na nusu, na wakati huo alishaanza kujikwaa kwenye ardhi tambarare. Nilimnunulia viatu vingine. Viatu, kaka.

Vipimo vyote hivyo niliviandika kwenye daftari langu la kazi, pamoja na tarehe. Ukurasa huo nimeuchana na kuutia humu ndani ya bahasha. Usiutupe. Ni mwandiko wangu, na ninataka uwe nao mkononi siku tutakapokaa mbele ya wazee.

Lakini kuna moja zaidi, nalo ndilo linalonifanya nishindwe kumtazama mtoto usoni. Siku ya kwanza hospitalini daktari aliuliza nundu hii tumeiona lini. Nilifungua kinywa nikasema miezi miwili. Daktari akainua macho kutoka kwenye faili, akatazama ule mgongo, akanitazama mimi. Alikuwa haamini. Akamgeukia mgonjwa, akamuuliza kwa upole yeye mwenyewe. Irine alikuwa amelala ubavu, uso ukutani. Akajibu, "Ndiyo, daktari. Miezi miwili."

Mtoto wa miaka kumi na mitatu, ametoka kupoteza miguu, alinikinga. Hajawahi kulitaja tena. Namuosha, namgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda, namlisha, na ananishukuru. Kila mara ananishukuru. Angenitukana ningepata pa kushika.

Jumatatu nilimfuata daktari nikamweleza kweli yote. Aliandika. Nilingoja anikaripie. Akasema tu kwamba kwa matibabu haibadilishi kitu, akaniomba nimpishe mgonjwa anayefuata. Mwalimu Gaudiosa bado sijamwambia. Huja kila Jumamosi na kitabu, anamsomea, na kila akiondoka ananiomba msamaha pale kwenye korido. Jumamosi hii nitamzuia kabla hajaanza. Nilitaka wewe ujue kabla yake, maana wewe ndiye baba.

Sikuombi unisamehe, wala sijui msamaha wa jambo kama hili unaanzia wapi. Ukiamua kumchukua nitamfungia nguo zake na dawa zake, na nitamwonyesha wifi jinsi ya kumgeuza bila kumuumiza. Ukiamua nisimwone tena, nitakwenda nyumbani milimani kwa baba mdogo. Ukisema nibaki nimuuguze, nitabaki. Mimi sina tena ninachochagua.

Wasalimie wote wa kambini wanaonijua. Mwambie wifi Joyce kwamba sikuwahi kumchukia. Nilimwogopa tu, na hakuwa amenikosea. Baba mdogo anakungoja upite Kilosa, lakini naomba uanzie huku.

Basi linafika Mikumi mchana. Ukishuka, usipitie kwangu wala usininunulie chochote. Nenda moja kwa moja hospitali, wodi ya watoto, kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Mwamkie kwanza yeye, maana yeye hawezi kusimama kukuamkia. Na akikuambia ilikuwa miezi miwili, usibishane naye.

Ni mimi mdogo wako,
Debora