Barabara Imefungwa, Anasema

Jumanne, 9 Septemba 2025

Elkana ameondoka bandarini Port Botany leo na lori la vyakula vya hoteli za Jindabyne, kule milimani wazungu wanakoteleza kwenye theluji, mwendo wa saa sita kutoka hapa. Kesho jioni atakuwa nyumbani. Amesema hivyo mwenyewe, kikombe cha chai mkononi, bila kuniangalia.

Tutaona. Wiki mbili zilizopita alikwama. Wiki iliyopita akakwama tena. Eti barabara imefungwa, eti barafu, polisi wamezuia malori. Nimekaa nchi hii miaka sita, najua Septemba huku ni spring, baridi imeisha. Hapa Rooty Hill nimeanika nguo asubuhi na kufikia saa sita zimekauka. Sasa barafu gani?

Halafu wiki iliyopita alirudi na shati limepigwa pasi. Mtu aliyelala kwenye kabini ya lori! Nikauliza. Eti safari hii alilala motel, na motel ina pasi. Elkana huyu, ambaye hapa nyumbani hajui hata pasi inakaa wapi.

Nimeliweka moyoni.

Jumatano, 10 Septemba

Saa kumi jioni, simu. Nilijua kabla sijapokea. Amekwama. Theluji ilianguka jana, leo barabara inateleza, bosi amewakataza kutoka kesho kabla ya saa nne. Asubuhi ndiyo mbaya, anasema.

Asubuhi ndiyo mbaya, au asubuhi ndiyo tamu?

Nikamwambia atume picha. Akatuma. Lami nyeusi, imelowa kidogo, jua linawaka, mbuzi angeweza kulala pale katikati asipate baridi. Theluji hata ya kijiko hakuna. Nikampigia, theluji iko wapi? Eti barafu yenyewe haionekani. Haionekani! Nimeolewa na huyu mtu miaka kumi na moja, leo ndiyo ameamua mimi ni mjinga wa kiwango hicho.

Cheryl alikuwa anafanya homework mezani. Nikamwambia anifungulie utabiri wa hewa wa huko kwenye tablet yake. Akanisomea: hakuna mvua, hakuna theluji, usiku minus five, anga safi, kesho jua kutwa. "It's sunny, Mum." Mtoto wa miaka tisa, na hata yeye ameona.

Basi nikachemka. Nimeingia bafuni mtoto asisikie, nikamrekodia voice. Nimemwambia nimeuona utabiri. Nimemwambia huyo anayempigia pasi na ampikie kabisa. Kesho saa sita mchana asipokuwa mlangoni, asije tena, nguo zake atazikuta kwa ndugu yake kule Guildford.

Ameisikiliza. Tiki zimekuwa za bluu.

Sijutii hata neno moja.

Alhamisi, 11 Septemba

Niko kazini, chumba cha chai. Wacha niandike.

Message yake iliingia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nimetoka, nakuja. Hayo tu. Nikacheka peke yangu nikipaka mkate siagi. Kumbe barabara hufunguka mtu akibanwa!

Nikamsimulia mwenzangu wa kazi, Emérance, tukitandika vitanda vya wazee. Nilitaka tucheke wote. Hakucheka. Mume wake Déo aliendesha lori njia hiyohiyo mwaka jana, akaacha. Akaniuliza utabiri ulisemaje. Nikasema anga safi. Akaachia shuka.

"Mama Cheryl, ile ndiyo mubaya. Mchana jua inayeyusha neige, ile theluji, maji inapita kwa barabara. Usiku, kama hakuna mawingu, baridi inakamata ile maji, inakuwa glace, barafu. Rangi ya barabara yenyewe. Haionekanake. Déo alikuwa anangojaka mpaka saa ine, jua ipande."

Saa nne. Elkana aliniambia saa nne.

Nikakaa kwenye kitanda cha mzee. Yaani niliangalia jua kwenye tablet nikaona uongo. Jua lenyewe ndilo lilikuwa hatari. Na yeye anaijua ile barabara, akaingia tu, gizani, kwa sababu nimemwambia asije tena.

Nimepiga mara nne. Inaita mpaka inakata. Anaendesha, hawezi kushika simu. Ni mtu wa sheria, hashiki simu akiendesha. Nimejiambia hivyo mara nne.

Ya tano imepokelewa.

Mwanamke. Mzungu, sauti ya upole. Ameniuliza mimi ni nani. Nikasema mkewe. Kisha akasema nisikate, nimsubiri. Nimesikia mlango ukifungwa. Sasa anaongea na mtu pembeni, taratibu, maneno siyapati.

Emérance amenishika bega. Simu iko mezani, kwenye spika, sekunde zinahesabu. Naandika ili mkono upate kazi.

Mungu wangu, awe hawara yake. Nakuomba. Awe amelala kwake wiki zote hizi, awe amenidanganya tangu siku ya kwanza, awe amekaa hapo karibu naye anamfanyia ishara aseme hayupo. Sitagombana. Nguo zake zitabaki kabatini. Huyu mama nitamwambia asante, kwa moyo wangu wote nitamwambia asante.

Amerudi kwenye simu. Ananiuliza kama niko na mtu karibu nami, na kama nimekaa chini.