Kumgawa Baba

Pomuch, Oktoba 26

Kaka yangu mpenzi Hermilo,

Nakusalimu kwa moyo mkunjufu, wewe na wifi yangu Amparo na wale watundu wenu. Hofu yangu ni kwenu huko Monterrey, maana nasikia baridi imeshaingia na kifua chako nakijua. Sisi huku hatujambo. Mama mzima wa afya, na mdomo wake ndio mzima kupita yeye. Juzi kamfukuza muuza nyanya kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Kaka, baba ametimiza miaka mitatu kaburini. Jumanne tulikwenda makaburini kumtoa, tumpanguse mifupa na kumlaza kwenye sanduku lake kabla ya Siku ya Wafu, kama babu alivyofanyiwa. Mama alikuwa amedarizi kitambaa kizuri ajabu: jina la baba, Nicanor Poot, na maua mekundu pembeni. Tunafika, tunamkuta nani? Bi Ligia wa Hecelchakán. Naam, yule yule nyumba ndogo ya baba, ambaye kwa ajili yake wewe hujakanyaga huku tangu mazishi. Naye kaja na sanduku lake, na kitambaa chake chenye njiwa wawili.

Basi hapo hapakukalika. Mama akamwambia kuwa aliyeolewa kanisani ni yeye, na mifupa ni yake yote. Bi Ligia akajibu kwamba hakuja kuiba mume wa mtu, hilo alishalifanya zamani. Amekuja kuomba kidogo tu. Don Eusebio mchimba makaburi, njaa inamuuma, akasema Mungu kampa binadamu karibu kila kitu viwili viwili, kwa nini wasigawane? Wanawake wote wawili wakanigeukia mimi, eti ndiye niliyesomea viungo vya mwili.

Nikagawa. Ningefanyaje? Nilitandika vitambaa viwili, nikaanza: mkono wa kulia kwa mama, wa kushoto kwa Bi Ligia, mtulinga huku, mtulinga kule, mfupa wa bega, paja, mbavu kumi na mbili kila upande. Nilipofika kwenye muundi wa kushoto, ule wenye nundu pale ulipovunjika baba alipoanguka na baiskeli ya mikate, mama akaukwapua. Mguu huu niliuuguza mimi, akasema, huondoki nao ng'o! Bi Ligia akamwachia.

Kasheshe ikaja kwenye ile mifupa isiyo na mwenzake. Mama akasema taya achukue Bi Ligia, maana ndilo lililomdanganya yeye mke wa ndoa miaka yote. "Haya, na wewe chukua fuvu," Bi Ligia akamjibu. "Lingekuwa na kitu ndani, angetulia kwa mmoja." Don Eusebio alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, na mama nilimwona akiuma midomo.

Ukabaki uti wa mgongo. Nikaanza kuzipanga pingili kutoka shingoni kushuka, na nilipofika kiunoni nikaacha kupanga. Pingili za chini zilikuwa zimesagika, mbili zimegandana kabisa, na pembeni zimeota vijipembe vya mfupa. Kaka, wagonjwa wenye migongo kama huo huja kwangu hospitalini wakilia. Hata kuinama kuvaa viatu hawawezi. Na baba alibeba magunia ya unga mpaka wiki aliyokufa, apate cha kupeleka nyumba mbili. Nikawaeleza. Nikawaambia mtu huyu aliumwa miaka mingi sana.

Mama akamuuliza Bi Ligia kwa sauti ya chini kama baba alikuwa akilalamikia mgongo. Bi Ligia akasema hapana. Kwake alikuwa akifika amechoka, analala. Alidhani mama ndiye anayemkanda.

"Mimi nilidhani unamkanda wewe," mama akasema.

Wakalia wote wawili. Mimi nililia kuwazidi, maana kutwa nakanda migongo ya watu nisiowajua, na wa baba yangu sikuwahi kuugusa.

Mama ndiye aliyejifuta machozi kwanza. Akampa Bi Ligia brashi, akachukua nyingine, wakaupangusa ule mgongo pingili kwa pingili, huku wakimgombeza baba kwa kunyamaza kwake. Wakamlaza kwenye sanduku moja: mifupa ya miguu chini, mbavu juu yake, fuvu juu kabisa. Kitambaa cha mama kikatandikwa ndani, cha Bi Ligia kikamzunguka kama shuka.

Sasa nifike kwenye lililonishikisha kalamu. Tulipokuwa tunanawa, mama alimuuliza mwenzake alikuwa anang'ang'ania nini vile, na mtu mwenyewe keshakufa. Bi Ligia akasema hana mtoto wala ndugu. Alitaka walau nusu ya mtu wa kulazwa naye, ingawa hata hilo hajui nani angemfanyia, kwani siku yake ikifika hakuna wa kumtoa. Atasahaulika humo humo udongoni. Mama akamwambia aache upuuzi. "Mimi nina watoto wawili. Watakutoa, na watakupangusa."

Kisha akanitazama. Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo kwa niaba yangu na kwa niaba yako, kaka, bila kukuuliza, baba akiwa pale wazi kwenye sanduku lake. Najua utakasirika, na una haki. Lakini neno langu silirudishi.

Mama anasema tarehe mbili Bi Ligia atakula kwetu pibi, ule mkate wa mahindi na kuku wa Siku ya Wafu, na kwamba wewe una miguu miwili na mabasi yapo. Wifi na watoto wape salamu zangu zote. Nawapenda mno, na wewe nakupenda hata ukininunia.

Bi Ligia aliniuliza, kwa woga, kama ukija utakubali kumpa mkono. Nilimwambia sijui. Mpe, kaka. Iko siku utaushika mkono huo mfupa mmoja mmoja. Heri uushike kwanza ukiwa na joto.

Mdogo wako akupendaye,
Eladia