Neno Tulilokatazwa Kulichezea

Mafinga,
Jumapili, 7 Julai 2024

Kaka Sosthenes,

Kamwene, kaka. Kamwene na kwa wifi Veronika, na kwa watoto wawili ambao shangazi yao anawajua kwa picha tu. Mmeamkaje huko kwenye joto lenu la Usangu? Mpunga mmemaliza kuvuna? Na mkweo, mzee Budeba, mguu wake unaendeleaje? Sisi huku tunapumua. Baridi ya mwaka huu haina adabu, sakitu inalala nyeupe kama barafu juu ya majani ya viazi mpaka saa tatu, na mimi nakwenda kanisani na sweta mbili kama kitunguu. Nakohoa kidogo, lakini kukohoa mwezi wa saba hapa Mafinga hakuhesabiki kuwa ugonjwa.

Barua hii anakuletea Mama Tusekile, anayekuja huko kununua mchele. Najua utajiuliza kwa nini mtu mwenye simu mkononi anahangaika na kalamu. Nimekupigia mara tatu tangu mwezi uliopita, na mara zote nikiisikia sauti yako nauliza habari za mavuno na kukata. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, wala mimi siwezi kukimbia. Kwa hiyo keti, soma mpaka mwisho, ndipo unikasirikie.

Nianze na Mama, maana ndiye utakayemuulizia hata kama hutaki kumtaja. Mwili wake ni mzima. Meno anayo, miguu anayo, na anatembea kuliko mimi. Kinachoondoka ni kichwa. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba tusitegemee arudi alivyokuwa, tumtunze tu. Kuna siku ananiita Frida, kuna siku ananiita kwa jina la marehemu shangazi, na juzi aliniuliza kwa upole kama nimeolewa mji huu au ni mgeni. Nilimjibu kwamba mimi ni mgeni. Ningefanyaje? Nilishamsahihisha mara nne asubuhi hiyo.

Unakumbuka tulivyolelewa na lile neno. Kwa watu wengine “naahidi” ni neno la kupitia tu. Fundi cherehani wa sokoni anaahidi gauni Ijumaa na kitambaa bado hajakigusa. Mgombea anaahidi lami. Kijana anamwahidi binti mambo ambayo hata yeye yanamchekesha. Kanisani tunajaza kadi za ahadi kwa mbwembwe, kisha tunapishana na mzee wa kanisa njiani kama hatumjui. Wote hao wanasema ahadi ni deni, na wanaishi na madeni yao kwa amani. Mama hakukubali. Alisema deni husamehewa, ahadi haisamehewi. Kwetu mtoto aliruhusiwa kusema nitajaribu, nitaona, Mungu akijalia. Ukitamka naahidi, umejifunga. Nilipoahidi kumsindikiza Bibi hadi Ilula kisha nikashikwa na homa, Mama alinifunika blanketi akanipandisha basi hivyohivyo. Nilitapika njia nzima, Bibi akinishikia mfuko. Nilikuwa na miaka tisa.

Ndiyo maana siku ile ya matanga ya Baba, miaka sita iliyopita, uliposimama uani mbele ya watu wote, mimi nilijua maana ya ulichosema kuliko wageni walivyojua. Mama alikuwa amemtoa wifi jikoni. Alimwambia kwamba mikono ya kukamulia ng'ombe haitampikia yeye msiba wake, arudi kwao. Wifi akavua kanga ya jikoni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kinu. Mpaka leo nikikumbuka alivyoikunja naona aibu. Ukasema unaahidi kwamba hutakanyaga tena pale mpaka Mama awaombe msamaha kwa mdomo wake mwenyewe. Wengine walidhani ni hasira za msiba, zitaisha. Mimi na Mama tulitazamana. Ulikuwa umetumia neno lenyewe.

Sikulaumu, kaka. Mama alikosa, na alijua. Lakini alikuwa Mama, na miaka miwili ya kwanza kila nilipomgusia alisema mtoto hapigiwi magoti. Kisha ugonjwa ukaingia, ukaanza kula vitu kichwani mwake, na cha kwanza kuliwa kilikuwa kiburi. Kosa lenyewe halikuliwa. Alibaki nalo likiwa bichi, bila kile kiburi cha kulifunika. Akawa anauliza asubuhi, mchana na jioni, Sosthenes atakuja lini, kuna jambo nataka kumwambia.

Nilikueleza hayo yote mwaka jana. Ukajibu kwamba umefurahi, basi na aseme, hata kwa simu atakuwa amesema. Nikampa simu. Wewe unaita Mama, Mama, yeye akaitazama, akaniambia nipunguze sauti ya redio. Ukaniambia ahadi ni ahadi na kwamba yeye ndiye aliyekufundisha. Ni kweli.

Kuanzia Pasaka alikataa kula. Alisema atakula na mwanawe. Nilimbembeleza, nilimwimbia, nilimwita mchungaji, nilimkasirikia, Mungu anisamehe. Siku ya tatu, nikiwa na bakuli la uji mkononi na nguvu zimeniishia, nilimwambia kwamba unakuja Jumamosi. Akaniuliza kama nimesema nitajaribu au nimesema naahidi. Hajui mwaka, hajui rais, lakini hilo aliliuliza. Nikasema naahidi. Akanywa uji wote.

Mara ya kwanza ulimi uliniuma kweli. Jioni alikuwa amesahau, kesho yake akauliza tena, nikaahidi tena. Baada ya mwezi nilikuwa nalitamka huku napepeta mchele. Nilijiambia kwamba ahadi isiyokumbukwa haimdhuru mtu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, kaka, na usidhani nilikuwa na furaha.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mama alianza kutoroka. Anakwenda kukungoja barabarani, pale malori ya magogo yanapokata kona, na wiki ya mwisho ya mwezi wa tano dereva mmoja alifunga breki hatua tatu kutoka kwake. Nikamwomba Didas, yule seremala anayefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao cha Wakinga, aje aweke komeo juu kabisa ya geti. Simfahamu sana, ni Mkatoliki mpole, mrefu kama wewe, na anainama kidogo anapoingia mahali. Akaja Jumamosi saa nne.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka anaota jua, anachambua maharage. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshamwahidi kama kawaida. Didas akapiga hodi, akainama, akaingia na sanduku lake la vifaa. Mama akainua macho. Akasema, umefika, Sosthe.

Didas akanitazama mimi. Nilikuwa na nafasi ya kusema, Mama, huyu ni fundi. Maneno manne tu. Ningeyasema, angelia kidogo na hadi mchana angekuwa amesahau. Sikuyasema. Nilitaka aone walau mara moja kwamba binti yake hakumdanganya.

Nilidhani atampa mkono tu na kumkaribisha chai. Kaka, Mama alisogeza ungo pembeni, akapiga magoti. Mama yetu, mbele ya kijana wa watu mwenye msumeno. Alisema alimkosea Veronika mbele ya wageni, na kwamba wifi hakuwa na kosa hata la punje. Alisema haikuwa habari ya ng'ombe wala ya kabila la mtu. Siku ile alikuwa amempoteza mumewe, na akaona na wewe unavyomfuata yule binti kwa macho, akajua ameshakupoteza na wewe, ndipo akamtupia ubaya aliyekuwa karibu. Alisema amelala na jambo hilo kila usiku. Akaomba msamaha wako, na wa Veronika. Akauliza yuko wapi amwombe mwenyewe. Didas, maskini, akasema amebaki na watoto.

Alimwinua. Akamwambia amesamehe, yamekwisha. Mama akakataa. Akasema sivyo tunavyosema nyumbani hapa, aseme anaahidi kwamba jambo hilo halina tena nafasi moyoni mwake. Didas akanitazama mara ya pili. Nikatikisa kichwa kukubali. Akasema, “Naahidi, Mama.”

Hilo ndilo nililolifanya. Msamaha ulioungojea miaka sita nimempa fundi wa geti.

Mchana ule Mama alikula ugali na mboga akamaliza, akaomba tena. Alilala bila kuita. Nilisema moyoni, kesho atakuwa amesahau, nitakupigia, tutaanza upya, utakuja na atasema tena. Hajasahau. Hii ni wiki ya tano. Amesahau kuwasha moto, amesahau kwamba Baba amekufa, lakini nikimtajia jina lako anajibu palepale kwamba ulishakuja na mlimaliza. Hakuulizii tena, kaka. Nilimwonyesha picha yako ile ya harusi, akasema ni kijana mzuri, wazazi wake ni akina nani.

Didas hapiti tena njia ya kwetu. Nilimkuta sokoni akaniambia anajisikia kama mtu aliyechukua mzigo wa abiria mwingine kituoni, na hajui amrudishie nani. Nilitaka kumfariji, nikaishia kununua nyanya.

Sijui sasa nikuombe nini. Kama ni ahadi yako, Mama aliomba kwa mdomo wake mwenyewe, akaongeza na magoti ambayo hukuyadai. Lakini hukuwepo, na kuomba tena hataomba, maana haoni tena cha kuomba. Nikisema njoo, utaingia kama mgeni. Atakukaribisha kiti na kukuuliza umetoka wapi, baba. Nikisema usije, nitakuwa nimekufungia geti kwa komeo lilelile. Nimeyageuza haya kila upande na sioni pa kushika. Hukumu iko kwako, na mimi ukinilaani nitapokea.

Msomee wifi Veronika ile sehemu inayomhusu, polepole, kama ilivyosemwa. Hiyo ni yake, na hakuna aliyeipokea kwa niaba yake. Wabusu watoto. Mzee Budeba mwambie tunamwombea mguu. Mama Tusekile anarudi Alhamisi, ukiwa na neno hata moja mpe aniletee.

Nilimwambia Mama nakuandikia, nikamuuliza salamu zake niziwekeje. Amesema nisisumbuke, mlishaonana.

Ni mimi mdogo wako,
Frida