Salamu za Mizani

Isiolo, Alhamisi, 1987

Na kumbe shida ilikuwa salamu tu!

Wiki nzima mizani ya ng'ombe na kompyuta zimekaa chumba kimoja kama wake wenza walionuniana. Waya upo, umeme upo, lakini kwenye kioo cha kompyuta hakuna hata namba moja. Bosi alishasema kesho kompyuta inarudi Nairobi, na ni mimi niliyejipiga kifua kwamba nitaziunganisha. Elimu yangu ya kompyuta ni kitabu kimoja kisicho na jalada.

Asubuhi akaingia Guyo, daktari wetu wa mifugo. Tukasema "Salaam aleikum" kwa pamoja, halafu kila mtu akangoja mwenzake aitikie.

"Sasa nani atajibu?" akacheka.

Nikashika kichwa. Waya wa kusema wa mizani nilikuwa nimeuunga na waya wa kusema wa kompyuta! Zote mbili zinasalimu, hakuna inayosikia. Nikazikata nyaya, nikazipishanisha, mdomo wa huyu ukaenda kwa sikio la yule.

"Panda mizani, daktari."

Akapanda na viatu vyake. Kioo kikaandika kilo 104. Niliruka mpaka kiti kikaanguka.

Guyo akakitazama kile kioo sana. "Hii kitu iko na makosa. Irudishe Nairobi."

"Wallahi hairudi!"

Bosi ameiona, amesema ibaki. Naogopa kidogo isije kesho ikaamka imenuna tena, lakini...

Jioni pale hotelini mtaa wa Wabera, Guyo aliagiza chai bila sukari. Mborana, na vile wanapenda chai tamu, eti bila sukari!